Kesho Asubuhi Mzigo Utakuwa Hapo

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungezungumzia bei ya mkaa. Nimeahirisha. Ukinisikiliza mpaka mwisho utaona kwamba sikuenda mbali sana na mkaa wenyewe.

Mama yangu anaishi Korogwe. Umri wake haumruhusu tena kuinama kwenye jiko la mkaa na kupuliza, na kila nikimpigia simu jioni namsikia akikohoa. Nikaamua nimnunulie jiko la umeme la presha, yale ambayo unatia maharage, unabonyeza kitufe, unakwenda kuswali, ukirudi yameiva. Nikaliona mtandaoni, kwenye ukurasa uliopambwa ukapambika. Wafuasi kwa maelfu, picha za wateja wameshika maboksi wakicheka, video ya jiko lenyewe likipiga kelele za mvuke. Nikauliza bei. Nikajibiwa, "Njoo inboksi kipenzi." Nikaenda. Shilingi 165,000, pamoja na kusafirisha hadi mkoani.

Ilikuwa Jumanne, saa 5 asubuhi. Nilipotaka kutuma hela, simu ikanionyesha jina la mpokeaji kabla sijathibitisha. Jina la mwanamke, tena la kizamani, yale majina waliyopewa bibi zetu. Ukurasa ule nao ulikuwa na jina la kijana wa mjini, la kuvaa miwani ya jua usiku. Nikasita kidogo. Nikajiambia, labda ni laini ya mama yake. Nikaweka namba ya siri.

Jibu lilikuja hata dakika haijaisha. "Tumepokea kipenzi, asante sana. Usiku tunapakia, kesho asubuhi mzigo utakuwa hapo."

Kesho yake mama alipanda bodaboda hadi stendi. Akaulizia ofisi ya basi aliyotajiwa. Hakuna mzigo. Nikaandika inboksi, nikajibiwa, "Samahani dada, basi liliharibika Chalinze." Siku mbili baadaye, kijana wa kupakia alikuwa mgonjwa. Wiki iliyofuata, mzigo ulikuwa umeshushwa Segera kwa makosa. Mama alikwenda stendi mara tatu, kila mara kwa sababu mimi nilimwambia aende. Siku ya 9 nikaulizwa, "Wewe mama, mbona una haraka hivyo?" Siku ya 23 nikatiwa bloku.

Umesikia nilivyoporomoka? Nilianza kipenzi, nikawa dada, nikawa wewe mama, mwisho nikawa si mtu. Baadaye nimesikia visa vingine kama hivi na ngazi ni zilezile. Mteja akishaona amevuliwa ukipenzi bila kukosea lolote, hapo si pa kusubiri tena.

Lakini ninachotaka tukizungumze ni zile siku 23. Ile Jumanne nilifanya kosa, sikatai, jina lilinionya nikalipuuza. Ila kosa la Jumanne lilikuwa bado linarekebishika. Kilichonila ni siku zilizofuata, nilipokaa nikipokea samahani. Nilidhani yule mtu ananiomba radhi. Kumbe alikuwa ananunua siku, moja baada ya nyingine, na bei yake ni maneno. Siku ya kutoa hela kwa wakala. Siku ya kutupa laini. Siku ya kufuta ujumbe. Siku za kupokea hela za watu wengine kabla sijapiga kelele.

Na kwa nini nilimuuzia siku hizo kirahisi namna ile? Kwanza ni uungwana. Sisi tumelelewa kwamba kumdai mtu kwa ukali ni kumwita mwizi, na kumwita mtu mwizi bila uhakika ni dhambi. Pili ni aibu. Mimi nakaa kwenye kipaza sauti hiki nawaambia watu wawe macho, halafu nimeliwa laki na sitini na tano na mtu ambaye sijui hata sura yake. Sikumwambia mume wangu. Sikumwambia mtu hapa ofisini. Mama ndiye peke yake aliyejua, naye aliendelea kupanda bodaboda.

Sasa tuwe waadilifu. Si kila mzigo usiofika umeibwa. Wapo matapeli wa kuzaliwa, ambao hawakuwahi kuwa na jiko wala duka, picha zote wamezichota kwa wengine. Wapo wauzaji wa kweli ambao mzigo wao umepotea njiani. Na katikati yao kuna kundi la tatu, ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko tunavyodhani, na ndilo linalotuchanganya akili.

Hawa ni wauzaji wasio na mzigo. Anapiga picha bidhaa kwenye duka la mtu Kariakoo, au anaichukua kwenye mtandao wa Kichina, anaiweka ukurasani kwake na bei yake juu. Wewe ukilipa ndipo anakwenda kununua. Hapo bado hakuna ubaya, udalali ni kazi kama kazi nyingine. Ubaya unaanza siku anapopata shida ya nyumbani, kodi ya nyumba, mtoto hospitali, akaila hela yako akijua kwamba kesho atapata mteja mwingine. Mteja mwingine akilipa, hela yake ndiyo inanunua mzigo wako. Mzigo wa huyo wa pili nao utanunuliwa na hela ya wa tatu. Anakuwa kama mtu anayekimbia na deni mgongoni, na kila hatua deni linaongezeka. Huyu hakudanganyi anaposema "kesho." Anaamini kabisa kwamba kesho mtu atalipa. Siku wateja wakipungua, mnyororo unakatika, na aliyeko mwisho ndiye anayebaki stendi na bodaboda yake.

Wanaoagiza mizigo kutoka China kwa kuchangia kontena wanalijua hili vizuri zaidi yangu. Mzigo wa meli unachukua wiki nyingi, na wiki nyingi ni uwanja mpana wa kujificha. "Mzigo uko melini." "Mzigo uko bandarini, tunasubiri kutoa." Yote yanaweza kuwa kweli, na yote yanaweza kusemwa na mtu ambaye hajanunua hata bisibisi.

Utawatofautishaje? Kwa maneno huwezi, maneno yao yanafanana. Ila kuna ujumbe mmoja ambao ukiuandika, kila mmoja wa hao watatu anaujibu kivyake. Mimi sikuuandika. Chukua kalamu, nitausoma polepole.

"Tarehe 6 Mei saa 5 asubuhi nilikulipa shilingi 165,000 kwa jiko moja la presha la lita 6. Namba ya muamala ni hii hapa. Uliahidi kwamba mzigo ungefika Korogwe tarehe 7 asubuhi. Haujafika. Nakuomba hadi Ijumaa tarehe 9 saa 10 jioni unitumie picha ya risiti ya basi yenye jina la ofisi na simu yake, au unirudishie fedha zote kwenye namba ileile niliyolipia. Baada ya hapo napeleka taarifa kwa mtandao wa simu na polisi."

Basi. Hakuna tusi, hakuna kumwapiza, hakuna "Mungu anakuona." Mungu anamwona kweli, lakini ukiandika hivyo yeye anajua una hasira tu, huna mpango. Anachokiogopa ni tarehe na namba ya muamala. Muuzaji wa kweli aliyepeleka mzigo anayo risiti, atakupigia picha dakika hiyohiyo, na kutoka hapo mnautafuta mzigo pamoja. Yule wa mnyororo ataanza kukuomba muda, au atakurudishia nusu kwanza. Chukua hiyo nusu, andika kwamba imebaki nusu, weka tarehe nyingine. Tapeli atanyamaza au atakutia bloku, na hapo amekufanyia hisani: umejua siku ya 3, siyo siku ya 23.

Lakini kabla hujautuma ujumbe huo, kuna kazi ya dakika 10. Piga skrinshoti ya kila kitu: ukurasa wenyewe ukionyesha jina la akaunti, tangazo la bidhaa, bei, mazungumzo tangu salamu ya kwanza, na ujumbe wa muamala. Ni kabla, nasema, siyo baada. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kufuta ujumbe wake hata kwenye simu yako, hadi siku mbili na ushee baada ya kuutuma. Akaunti ya Instagram inabadilishwa jina kwa sekunde. Na kama ahadi zake zote ni za sauti, mwandikie wewe kwa maneno, "Umesema mzigo unafika Jumatano, sawa?" Akijibu "sawa," umepata maandishi.

Maandishi hayo yana uzito kuliko tunavyoyachukulia. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Wengi tunamjua ndugu yake aliyezaliwa mwaka huohuo, Sheria ya Makosa ya Mtandao, kwa sababu ile inatisha. Hii ya miamala ni ya kibiashara na inamjali mnunuzi. Inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi. Na inasema muuzaji wa mtandaoni atekeleze oda ndani ya siku 30, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Hapo kwenye "mmekubaliana vingine" ndipo palipo na utamu. Mtu aliyekuandikia "kesho asubuhi mzigo utakuwa hapo" ameshakubaliana nawe vingine. Hana siku 30. Ana usiku mmoja.

Upande wa usafirishaji sheria haiko upande wetu sana, na hili liliponishangaza niliuliza mara mbili. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa tuliirithi kwa Waingereza, nao waliitunga mwaka 1893, enzi za treni na mikokoteni. Inasema kwamba muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo wa kukuletea, kwa kawaida inahesabika amekukabidhi wewe, isipokuwa mmepatana tofauti. Yaani basi ni mkono wako! Jiko likianguka Wami, huenda ukaambiwa limeanguka mikononi mwako. Na Waingereza wenyewe waliotuachia kanuni hiyo wameshaibadilisha kwao: mnunuzi wa kawaida wa Uingereza habebi hasara ya mzigo mpaka aupokee. Sisi tumebaki na nguo ya marehemu. Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujalipa andika sentensi moja tu: "Mzigo ni jukumu lako mpaka niupokee mkononi." Akijibu "ndiyo kipenzi," ukipenzi huo umegeuka mkataba.

Nirudi kwenye hela. Siku ya 24 nilikwenda ofisi ya mtandao wa simu. Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa upole, akabonyeza bonyeza, akaniangalia kama daktari mwenye majibu. Laini ile haikuwa na kitu na ilikuwa haitumiki tena. "Ungekuja siku ileile, dada," akasema. Nikamwambia siku ileile nilikuwa bado kipenzi.

Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, yeye alitapeliwa vitenge vya shilingi 90,000. Alishtuka nusu saa tu baada ya kutuma, kwa sababu ukurasa ulifuta maoni yake alipouliza kama wana duka. Hakusubiri samahani hata moja. Akapiga huduma kwa wateja, hela ilikuwa bado imo, wakaizuia, wakamwambia alete RB ya polisi, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. Alihangaika wiki nzima lakini alizipata. Tofauti yangu na yake: mimi siku 23, yeye nusu saa. Akili tunalingana, nadhani. Labda yeye amenizidi kwa kutokuwa na aibu.

Ila ujue jambo moja ili usije ukagombana na kijana wa kaunta bure. Ile huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa mtu aliyekosea namba. Wewe hukukosea namba. Ulimtumia uliyemkusudia. Kwa hiyo mtandao hauwezi kumnyang'anya mtu hela kwa neno lako peke yako, kwa sababu kesho mteja mkorofi atapokea jiko kisha aseme hakulipokea. Ndiyo maana wanadai RB. Na wenzetu wa Kenya wanaotuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 wakiomba hela irudi, mambo ni hayohayo: aliyezipokea akishazitoa, au akipinga, safari inakuwa ndefu. Wao lakini wana kitu ambacho nawaonea wivu. Tangu mwaka 2021 wana Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na inayotakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Sisi mwenye dai dogo anakwenda Mahakama ya Mwanzo, nayo si mbaya, ila inahitaji umjue unayemshtaki na anakoishi. Na hilo ndilo wengi tunalikosa.

Yule bibi, sasa. Mwenye jina. Nilimchukia bibi yule siku nyingi bila kumjua. Nilikuwa nimeshaandika jina lake na namba yake, na picha ya ukurasa, tayari kumrusha mitandaoni apate aibu yake. Kijana wa kaunta ndiye aliyenizuia, kwa swali moja: "Una hakika laini ni yake?" Tangu mwaka 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na tulidhani utapeli umekwisha. Wakala mwenye nia mbaya alipata dawa yake mapema. Mzee anakuja kusajili laini, anaweka kidole, anaambiwa, "Bibi, hakijasoma, weka tena." Anaweka tena. Na tena. Bibi anaondoka na laini moja, wakala anabaki na mbili zenye jina la bibi. Huenda mwenye jina lile yuko kijijini anapalilia mihogo, hana habari kwamba anauza majiko ya presha. Kumtangaza mtu hadharani kwa ushahidi wa namna hiyo ni kumwumiza asiyehusika, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inaweza kugeuka ukawa mshtakiwa wewe.

Basi fanya hivi, tena leo kabla hujalala: piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mpigie na mama yako, msaidie aangalie. Ukiona usiyoitambua, nenda mtandao husika ifutwe.

Polisi waendee tu, hata kama hela ni kidogo. Najua utaniambia kwamba utazungushwa. Inawezekana. Lakini RB ni ufunguo: mtandao wa simu unaitaka, benki itaitaka, na bila hiyo malalamiko yako ni hadithi. Nenda na skrinshoti zilizochapishwa kwenye karatasi, zimepangwa kwa tarehe. Usiende kumshikisha askari simu yako aperuzi. Ujumbe wa kitapeli ukikujia kwenye simu, uelekeze 15040, namba ya kuripotia matapeli kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hela haitarudi kwa njia hiyo, tusidanganyane. Laini ndiyo inafungiwa. Kama muuzaji ni kampuni yenye ofisi na jina lililosajiliwa, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Mzigo ukipotea kwa msafirishaji mwenye leseni ya vifurushi, mlalamikie kwanza yeye kwa maandishi, akikuzungusha ndipo uende TCRA.

Waliolipa kwa kadi wana bahati yao. Ukinunua kwa Visa au Mastercard, hata ile kadi ya kwenye simu, unaweza kwenda kwa aliyekupa kadi ukapinga muamala kwa sababu mzigo haukufika. Kwa kawaida una siku 120, zinazohesabiwa tangu siku mzigo ulipotakiwa kufika. Ni nyingi, ndiyo, lakini zina mwisho, na muuzaji wa ng'ambo anaijua kalenda hiyo kuliko wewe. Masoko makubwa kama AliExpress na eBay nayo yana dirisha la kulalamika, fupi zaidi, na lina siku yake ya kufungwa. Ndiyo maana anakuandikia kwa adabu, rafiki, subiri kidogo, sikukuu zimetuchelewesha. Ndiyo maana anakuomba ufunge malalamiko kwanza halafu akutumie mzigo mwingine. Usifunge. Malalamiko yakifungwa mara nyingi hayafunguki tena. Na usibonyeze kwamba umepokea kitu ambacho hujakishika.

Kidogo kuhusu namba ya ufuatiliaji, maana inawatuliza watu kupita kiasi. Posta za dunia zina umoja wao tangu mwaka 1874, na kifurushi cha kimataifa kilichosajiliwa kina namba ya mtindo mmoja: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka, CN kwa China, GB kwa Uingereza, TZ kwetu. Ile tarakimu ya tisa haichaguliwi ovyo, inakokotolewa kutoka kwenye nane za mwanzo, kwa hiyo namba ya kubuni mara nyingi inakataliwa na mfumo palepale. Wapo wajanja wanaotuma bahasha yenye karatasi ili wapate namba halali. Ukipokea bahasha nyepesi ulipoagiza viatu, usitie sahihi kimyakimya; ipime hapohapo dirishani, upige picha ya uzito. Na kama kifurushi cha posta kimepotea kweli, uchunguzi unaombwa ndani ya miezi 6 tangu kutumwa. Fidia kwa kawaida hupewa aliyetuma, siyo aliyekuwa akisubiri. Kwa hiyo mbane yeye.

Kuna wezi wengine wanaokuja wakati jeraha bado bichi, na hawa nawachukia kuliko wale wa kwanza. Ukilalamika mahali popote pa wazi kwamba umetapeliwa, ndani ya saa moja atatokea mtu: "Pole sana ndugu, hata mimi yalinikuta, kuna kijana fundi wa mitandao alinirudishia hela yangu yote, mtafute." Kijana huyo atataka 30,000 ya kuanzia. Au utapata ujumbe kwamba mzigo wako umekwama forodhani, lipa 20,000 ya ushuru kwa namba hii. Wewe ulikuwa unasubiri mzigo, kwa hiyo utaamini; wao hawajui kama unasubiri, wanarusha kwa maelfu ya watu wakijua kwamba wapo wanaosubiri. Ushuru wa serikali unalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, haulipwi kwa laini ya mtu.

Mimi nilikaribia kumtumia yule kijana fundi. Nilikuwa nimeshaandika kiasi. Jina la mpokeaji likatokea kwenye kioo, la kizamani pia, na safari hii nikabonyeza kukataa.

Hela yangu sikuipata. RB ninayo, imekunjwa kwenye mkoba, na askari aliyeiandika ananikumbuka kwa jina la Mama Jiko. Nilipompigia mama kumweleza ukweli wote, nikitarajia pole, alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia kwamba alishanunua jiko la presha mwezi mzima uliopita, palepale Korogwe, kwa hela za mgao wa kikoba. Alimwambia mwenye duka alichomeke kwenye umeme, akatia maji, akavuta kigoda akakaa mpaka yalipochemka, ndipo akalipa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakutaka kunivunja moyo, maana nilikuwa bado nasubiri. Lile langu likifika, tutampa shangazi.